Ziara ya siku moja Negril: Ya kuuliza kabla ya kukodi gari

Na Mwandishi Wetu

MELI za watalii zinazofunga gati katika bandari za kaskazini mwa Jamaica hushusha maelfu ya abiria asubuhi na kuwakusanya tena alasiri. Katika saa hizo chache, kila abiria hutakiwa kuchagua moja kati ya mawili: apande basi la ziara iliyoandaliwa na kampuni ya meli, au akodi gari pamoja na dereva na kwenda atakako.

Wengi huvutiwa na njia ya pili. Bei yake aghalabu huwa nafuu, hasa kwa familia au kundi la marafiki, na msafiri hapangiwi mahali pa kula wala dakika za kuogelea. Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha hubaki mikononi mwa dereva Mjamaika badala ya kupitia kwa mawakala.

Hata hivyo, unafuu huo una gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Abiria anayekodi gari mwenyewe huwa amejitwisha pia jukumu la kurudi kwa wakati. Akichelewa, meli huondoka, naye hubaki gatini akiitazama ikitokomea, pengine na mizigo yake yote ikiwa ndani.

Miongoni mwa wanaofanya safari hizo wamo Watanzania, Wakenya na Waganda waishio Marekani na Kanada, ambao kwao bandari za Florida ndizo zilizo karibu. Wapo pia wanaofika Jamaica kwa ndege na kupanga hotelini Montego Bay, kisha wakatamani kuuona mji wa pwani wa Negril kwa siku moja. Makala haya yanaeleza jinsi ziara ya namna hiyo inavyoandaliwa na mambo ambayo msafiri anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa kianzio.

Negril iko wapi?

Jamaica, ambayo wengi katika Afrika Mashariki wanaifahamu kwa muziki wa rege na mbio za Usain Bolt, ni kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 10,991. Ni kidogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro. Kimegawanywa katika sehemu 14 za utawala ziitwazo parokia, ingawa neno hilo huko halina maana ya kanisa pekee. Mji wa Negril uko katika ncha ya magharibi kabisa, ukiwa umekalia mpaka wa parokia mbili, Westmoreland na Hanover.

Kilichoupa mji huo sifa ni ufukwe wa mchanga mweupe uitwao Seven Mile Beach. Jina hilo lina maana ya ufukwe wa maili 7, lakini urefu wake halisi haufiki huko. Ni kilomita kati ya 6 na 7 hivi. Bahari yake ni tulivu na kina chake huongezeka taratibu, jambo linalowafaa wenye watoto.

Kusini mwa ufukwe huo mandhari hubadilika ghafla. Mchanga huisha na mahali pake huchukuliwa na majabali ya mawe ya chokaa yanayosimama wima juu ya maji. Eneo hilo huitwa West End, na ndiko uliko mnara wa kuongozea meli uliojengwa mwaka 1894, pamoja na mgahawa wa Rick's Café ulioanzishwa mwaka 1974. Mgahawa huo uliharibiwa na kimbunga Gilbert mwaka 1988 na kimbunga Ivan mwaka 2004, na mara zote mbili ukajengwa upya. Hapo watu hujitosa baharini kutoka juu ya majabali, mengine yakiwa na kimo cha yapata mita 10.

Kwa muda mrefu Negril ilikuwa kijiji cha wavuvi kilichotengwa na ubovu wa barabara. Ni baada ya barabara kufika ndipo vijana kutoka Marekani na Ulaya walipoanza kumiminika, hasa katika miaka ya 1970, wakalala katika nyumba za wenyeji. Hoteli kubwa zilifuata baadaye.

Jambo la msingi ambalo matangazo mengi hulitaja kwa herufi ndogo ni kwamba meli kubwa hazifungi gati Negril. Zinafunga Montego Bay, Falmouth au Ocho Rios. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Hesabu ya saa

Kutoka Montego Bay hadi Negril ni umbali wa takriban kilomita 80, na gari huchukua yapata saa 1 na nusu. Falmouth, ambayo bandari yake ya meli kubwa ilifunguliwa mwaka 2011, iko mashariki zaidi kwa kilomita 35 hivi, kwa hiyo safari hurefuka na kupita saa 2. Kutoka Ocho Rios ni zaidi ya saa 3 kwa upande mmoja.

Barabara hufuata pwani na kupita katikati ya miji midogo kama Hopewell, Lucea na Green Island. Lucea ni makao makuu ya Hanover, na siku za soko magari hutambaa. Wajamaika huendesha upande wa kushoto kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo mgeni kutoka huku hatashangazwa na mwelekeo wa magari. Huenda, hata hivyo, akashangazwa na kasi ya teksi zinazopitana kwenye kona.

Tuchukue mfano wa meli inayofunga gati Falmouth saa 2:00 asubuhi na kuwataka abiria wote wawe ndani ifikapo saa 10:30 jioni. Kutoka melini, kupita langoni na kumpata dereva kunaweza kuchukua saa nzima. Gari likiondoka saa 3:00, litafika Negril karibu saa 5:15.

Msafiri mwenye busara atapanga kurudi bandarini saa 9:00 alasiri, ili abaki na saa 1 na nusu ya akiba kwa ajili ya pancha, mvua au foleni. Maana yake ni kwamba lazima aondoke Negril saa 6:45 mchana. Atakuwa amekaa ufukweni kwa saa 1 na nusu tu, baada ya kukaa garini kwa saa 4 na nusu, kwenda na kurudi.

Meli hiyohiyo ikifunga gati Montego Bay, hesabu hubadilika. Gari likiondoka saa 3:00 litafika Negril saa 4:30, nalo litahitaji kuondoka saa 7:30 mchana. Hapo msafiri anapata saa 3 kamili ufukweni, mara mbili ya yule wa Falmouth. Kwa aliyeshukia Ocho Rios, jibu la kweli ni kwamba Negril si safari ya siku moja. Atafute fukwe zilizo karibu naye.

Hesabu hiyo pia inaondoa matumaini ya machweo, ambayo ndiyo picha iliyo katika karibu kila tangazo la Negril. Jua huzama huko karibu saa 11 na nusu jioni mwezi Desemba, na karibu saa 12 na dakika 50 mwezi Juni. Wakati huo meli nyingi zimekwisha kung'oa nanga. Machweo ni ya aliyelala hotelini. Dereva anayemwahidi abiria wa meli kuwa atayaona, ama hajauliza meli inaondoka lini, ama hajali.

Saa ya meli na saa ya nchi

Mtego mwingine umejificha kwenye saa yenyewe. Jamaica haibadilishi saa zake wakati wa kiangazi, lakini jimbo la Florida hufanya hivyo. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, saa za Miami huwa mbele ya saa za Jamaica kwa saa moja. Katika miezi mingine huwa sawa.

Baadhi ya meli hurekebisha saa zake kufuata nchi zinakofika, na nyingine hubaki na saa ya bandari zilikotoka. Ikiwa meli imebaki na saa ya Miami mwezi Julai, tangazo la kuwataka abiria wawe ndani saa 10:30 jioni lina maana ya saa 9:30 alasiri kwa saa ya dereva. Simu ya mkononi, ikipata mtandao wa nchi kavu, hujirekebisha yenyewe na kumpotosha mwenye nayo.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kushuka, tazama saa iliyo ukutani karibu na mlango wa kutokea melini, iweke kwenye saa ya mkononi, na usiiguse hadi urudi. Kisha mwambie dereva, kwa saa yake yeye, ni lini unataka kuwa langoni, na mkubaliane kwa maandishi.

Nani anakuendesha?

Jamaica, kama nchi nyingine, ina teksi bubu. Tofauti ya gari halali na lisilo halali huonekana kwanza kwenye kibao cha namba. Magari yenye leseni ya kubeba abiria huwa na vibao vyekundu, na magari ya watu binafsi huwa na vibao vyeupe. Ni utaratibu usio mgeni kwa Mtanzania, ambaye naye hutofautisha gari binafsi na la biashara kwa rangi ya kibao.

Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri ya nchi hiyo. Wanaobeba watalii huwekewa masharti ya ziada, na ukaguzi wa viwango katika sekta hiyo hufanywa na shirika la serikali liitwalo TPDCo. Madereva wengi wa watalii wamejiunga katika vyama, viwili kati ya vinavyojulikana zaidi vikiwa JUTA na JCAL, ambavyo majina yake huandikwa kwenye magari.

Umuhimu wa kibao chekundu hauishii kwenye utii wa sheria. Gari la biashara hutakiwa kuwa na bima inayomhusu abiria anayelipa nauli. Gari la mtu binafsi linalobeba abiria kinyemela linaweza kukataliwa na kampuni ya bima siku ya ajali, na majeruhi akaachwa bila wa kumdai isipokuwa dereva asiye na kitu.

Nje ya lango la bandari msafiri atakutana na vijana wanaotaja bei za chini kwa sauti za juu. Ni wapigadebe, ndugu wa wale ambao Zanzibar huitwa papasi. Baadhi yao ni waaminifu wanaotafuta riziki. Wengine si madereva kabisa. Hupokea fedha na kumkabidhi mteja kwa mtu wa tatu asiyejua makubaliano yaliyofanyika. Kanuni ni kumlipa yule tu aliye nyuma ya usukani, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye karatasi ya makubaliano.

Ipo pia njia ya wenyeji. Teksi za kuchangia, ambazo nazo zina vibao vyekundu, huenda kwa njia maalumu na hujaza abiria kama daladala. Kutoka Montego Bay kwenda Negril mara nyingi abiria hubadilisha gari Lucea. Kuna pia mabasi ya kampuni ya Knutsford Express, ambayo huuza tiketi kwa ratiba. Njia hizo ni nafuu na zinamfaa aliyelala hotelini bila haraka. Kwa abiria wa meli, gari lisiloondoka hadi lijae si la kutegemea.

Bei ina nini ndani yake?

Madereva wengi hutoza kwa gari zima hadi idadi fulani ya watu, kisha huongeza kwa kila kichwa kinachozidi. Hapo ndipo ziara binafsi inaposhinda ile ya meli, ambayo hutoza kila mtu. Kwa mfano tu, gari likikodiwa kwa dola 200 za Marekani, watu 2 watalipa dola 100 kila mmoja, na watu 4 watalipa dola 50. Msafiri aliye peke yake, kwa upande mwingine, anaweza kugundua kuwa ziara ya meli ni nafuu kuliko gari zima.

Lakini kiasi kinachotajwa kinaweza kuwa nusu ya habari. Swali la kwanza ni kama bei ni ya kwenda na kurudi. La pili ni kama ni kwa gari au kwa mtu. La tatu ni kama dereva atakaa akisubiri, au atawashusha wateja na kwenda kutafuta abiria wengine. Dereva anayekwenda kutafuta wengine anaweza kukwama mbali wakati mkihitaji kuondoka.

Vilevile ni muhimu kuuliza kuhusu viingilio, chakula na vituo vya njiani. Ziara nyingi husimama kwenye maduka ya vinyago na rumu, ambako dereva hupata kamisheni kwa kila anachonunua mteja. Si dhambi, ila kila kituo hula dakika za ufukweni. Mteja ana haki ya kusema tangu mwanzo kwamba hataki kusimama, au atasimama mara moja tu, kwa mfano kula kuku wa kuchomwa kwa viungo vikali, chakula ambacho Wajamaika hukiita jerk.

Kuhusu sarafu, dola 1 ya Marekani hubadilishwa kwa zaidi ya dola 150 za Jamaica. Nchi zote mbili huita fedha zao dola, na zote mbili hupokelewa katika maeneo ya watalii. Kwa sababu hiyo, neno dola peke yake halitoshi katika makubaliano. Andika ni dola za nani.

Kianzio na njia ya kulipa

Nafasi huwekwa kwa njia tatu. Kwanza ni kupitia tovuti kubwa za kimataifa kama Viator, ambazo hukata kamisheni lakini huwa na utaratibu wa kurudisha fedha na maoni ya wateja waliotangulia. Pili ni kupitia tovuti au namba ya simu ya dereva au kampuni ndogo ya Jamaica. Tatu ni kupatana papo kwa papo bandarini.

Kwa njia ya pili, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, tahadhari iko kwenye malipo. Dereva mzoefu ama haombi kianzio kabisa, ama huomba kidogo na kutaka salio mwisho wa safari. Anayetaka malipo yote kabla, tena kwa njia ya kutumiana fedha ambayo haina marejesho, anastahili kutiliwa shaka. Kadi ya benki humpa mlipaji nafasi ya kulalamika; fedha zilizokwisha kupokelewa dirishani hazirudi.

Ni vyema salio lilipwe mkirudi langoni. Fedha iliyo mfukoni mwa abiria ndiyo humkumbusha dereva saa ya kurudi. Bakshishi ni desturi katika nchi hiyo, na kati ya asilimia 10 na 15 huhesabiwa kuwa ya kiungwana kwa aliyefanya kazi vizuri.

Makubaliano yaseme pia itakuwaje meli isipofika. Nahodha ana mamlaka ya kuiruka bandari kwa sababu ya upepo au mawimbi, au kuhamia bandari nyingine ya kisiwa hichohicho. Aliyenunua ziara ya meli hurudishiwa fedha zake bila kuuliza. Aliyekodi mwenyewe hurudishiwa tu ikiwa dereva alikubali hivyo tangu mwanzo. Wengi hukubali, maana wanaijua bahari yao. Lakini ni lazima waulizwe.

Ufukwe ni wa nani?

Mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea kuteremka ufukweni apendapo anaweza kupatwa na mshangao. Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya Jamaica ya mwaka 1956 iliweka haki za eneo la ufukwe chini ya dola, nayo hutoa leseni za matumizi. Sheria hiyo haikuwapa wananchi wote haki ya jumla ya kuingia ufukweni na kuogelea.

Matokeo yake ni kwamba sehemu nyingi nzuri zimezungushiwa uzio wa hoteli, na suala hilo limezua mjadala mkali pamoja na kesi mahakamani zilizofunguliwa na wanaharakati wanaotetea haki ya Wajamaika kuifikia bahari yao. Negril ina nafuu kuliko maeneo mengine, kwani mtu anaweza kutembea mwendo mrefu kando ya maji. Pamoja na hayo, viti, miavuli, vyoo na bafu ni vya hoteli na migahawa, ambayo hutoza kiingilio au humtaka mgeni anunue chakula.

Kwa hiyo, msafiri amuulize dereva atamshusha kwenye ufukwe wa nani na kwa malipo gani. Migahawa midogo ya wenyeji mara nyingi humruhusu anayekula kwao kutumia viti bure, nayo ndiyo inayobakiza fedha ya mgeni mtaani. Hoteli kubwa huuza tiketi ya siku nzima yenye chakula na vinywaji, ambayo kwa mtu mwenye saa 1 na nusu haina faida.

Ufukweni pia atafuatwa na wauza bangi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yalipunguza adhabu ya kupatikana na bangi isiyozidi wakia 2, yaani gramu 56 hivi, kuwa faini ndogo isiyoingizwa kwenye kumbukumbu za uhalifu. Hayakuruhusu kuuzwa kwake mchangani, wala hayamlindi anayejaribu kuingia nayo melini.

Kuhusu kujitosa kutoka kwenye majabali, ushauri ni kuwatazama wazoefu na kupiga makofi. Anayetua vibaya kutoka mita 10 anaweza kuumia mgongo, na bima nyingi za safari hazigharimii michezo ya hatari isipotajwa kwenye mkataba.

Vimbunga na ukaguzi barabarani

Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Karibi huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30. Oktoba 28, 2025, kimbunga Melissa kilitua karibu na New Hope, katika parokia ya Westmoreland, kikiwa cha daraja la 5, na upepo wake ulifikia kasi ya kilomita 295 kwa saa. Mji wa Black River, ulio kusini magharibi mwa kisiwa, uliharibiwa vibaya. Negril haikupata pigo zito kama hilo, ingawa ipo ndani ya parokia hiyohiyo ambako kimbunga kilitua.

Funzo kwa msafiri ni kutotegemea picha za zamani. Kabla ya kuweka nafasi, aulize ni maeneo gani yamefunguliwa, na kama barabara ya pwani inapitika bila kuzunguka. Kwa madereva, wauza vyakula na wavuvi wa magharibi mwa Jamaica, mgeni anayefika baada ya kimbunga ni msaada, lakini ni msaada pale tu atakapoambiwa ukweli kuhusu atakachokikuta.

Usalama nao una uhusiano na saa. Aprili 2019 serikali ilitangaza hali ya hatari katika parokia za St. James, Hanover na Westmoreland ili kupambana na uhalifu wa magenge. Hizo ndizo parokia ambazo barabara ya kutoka Montego Bay kwenda Negril hupita. Hatua za namna hiyo huleta vizuizi vya askari barabarani, ambavyo humlinda msafiri na wakati huohuo humchelewesha. Ndiyo maana akiba ya saa 1 na nusu si woga.

Ukiachwa itakuwaje?

Kampuni za meli kwa kawaida huwasubiri abiria waliochelewa wakiwa kwenye ziara ya kampuni yenyewe, au huwagharimia kuifuata meli. Kwa aliyekwenda kivyake, masharti ya tiketi humwachia gharama zote: hoteli, ndege hadi bandari inayofuata na chakula.

Bandari hiyo huenda ikawa nchi nyingine, kwa mfano Mexico au Visiwa vya Cayman. Masharti ya viza kwa anayeingia huko kwa ndege si lazima yafanane na ya abiria wa meli anayeshuka kwa saa chache. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anapaswa kuyajua kabla ya kuondoka nyumbani.

Hata raia wa Marekani hawako salama. Katika meli inayoanza na kumaliza safari kwenye bandari ileile ya Marekani, wanaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho. Hati hizo hazitoshi kupanda ndege ya kimataifa. Aliyeacha pasipoti nyumbani na akaachwa na meli atalazimika kwenda ubalozini kwanza.

Kwa sababu hizo, inashauriwa kubeba nakala ya pasipoti, kadi ya benki, dawa za lazima na namba ya wakala wa meli bandarini. Namba hiyo mara nyingi huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku inayogawiwa melini. Mtu akiona anachelewa, apige simu mapema. Meli inaweza isisubiri, lakini mara nyingi wahudumu huitafuta pasipoti chumbani kwake na kumwachia wakala.

Maswali ya kuandika kwenye karatasi

Kwa muhtasari, kabla ya kulipa chochote, msafiri apate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Jina la dereva, namba ya gari na rangi ya kibao chake ni zipi?
2. Bei ni ya gari zima au ya kila mtu, ya kwenda tu au na kurudi, na kwa dola za nchi gani?
3. Tutakutana wapi hasa, ndani au nje ya lango la bandari?
4. Dereva atatusubiri Negril muda wote?
5. Tutasimama wapi njiani, na kwa dakika ngapi?
6. Ufukwe tutakaoshukia una kiingilio?
7. Meli isipofika au ikihamia bandari nyingine, kianzio kitarudi?
8. Tutaondoka Negril saa ngapi kwa saa ya Jamaica?

Dereva anayeifahamu kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Kinyume chake, atayajibu kwa haraka na pengine kuongeza la kwake: meli yenu ni ipi na inaondoka lini? Jina lake na riziki ya watoto wake vinategemea wateja kurudi salama na kumsimulia kwa wengine. Asiyeuliza swali hilo, hata kama bei yake ni ya chini kuliko zote, hafai kukabidhiwa siku yako.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Katika ziara ya namna hii, ambapo kuchelewa nako hakuna baraka, anayetaka kukwepa yote mawili hana budi kupiga hesabu yake akiwa bado nyumbani.